Kumsifu Fundi Asiyekimbilia Mtungi

Dar es Salaam mwezi wa Februari haimhurumii mtu aliye ndani ya gari. Jua la saa nane liko juu ya bati, foleni ya Barabara ya Morogoro haisogei, na hewa inayotoka baharini imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki. Ukifunga vioo hakukaliki. Ukivifungua, moshi na vumbi vinaingia. Hapo mwenye gari anabonyeza kitufe cha AC na kukuta inapuliza tu, haipoozi. Kesho yake anafika gereji akiwa na kauli aliyokwisha kuiandaa: "Gesi imeisha, nijazie."

Wako mafundi watakaoitika hapo hapo. Mtungi upo, mipira ipo, na kazi itaisha kabla chai haijapoa. Mimi namsifu fundi mwingine: yule anayeiacha kauli ile ipite, akauliza maswali, akainama chini ya boneti, akashika mabomba kwa vidole, akasoma geji, na asiuguse mtungi mpaka ajue kwa nini gari halipoi. Nimekaa na mafundi wa namna hiyo na kuwatazama wakifanya kazi. Naamini wanachokifanya ni kazi ya akili iliyo kubwa, ingawa mjini hatuihesabu hivyo. Tunamlipa fundi kwa gesi na kwa spea. Kwa kujua, hatumlipi.

Ili tuione thamani ya kujua huko, tuelewe kwanza anachokitafuta. AC haitengenezi baridi. Inalitoa joto ndani ya gari na kulimwaga nje, kama baharia anavyokumba maji katika ngalawa inayovuja. Chombo chake cha kuchotea ni gesi. Katika magari mengi yanayotembea kwetu leo gesi hiyo ni R-134a, ambayo kwenye presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa huikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje. Kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, hulitupa joto hilo kwa msaada wa upepo, na gesi inageuka kimiminika. Kimiminika hupita kwenye chujio linalonyonya unyevu, hufika kwenye valvu yenye tundu jembamba, presha huanguka ghafla, nacho huanza kuchemka ndani ya evapureta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kuchemka kunataka joto, na joto hilo linachukuliwa kutoka kwenye hewa inayopulizwa usoni mwako. Kisha gesi hurudi kwa kompresa, safari ikaanza upya.

Katika mzunguko huo hakuna mahali ambapo gesi hutumika ikaisha. Petroli inaungua, gesi ya AC haiungui. Ni kweli kwamba mipira huipitisha kidogo kidogo kwa miaka mingi, lakini gari lililopoa vizuri mwezi uliopita na leo halipoi kabisa halikuimaliza gesi yake. Ama kuna mahali inatokea, ama gesi imo yote na tatizo liko kwingine. Fundi anayejaza bila kuuliza ni lipi kati ya haya mawili amepokea pesa, lakini kazi hajaianza.

Anayejua huanza kwa masikio. Inapoa asubuhi na kukataa mchana? Inapoa ukikimbia kuelekea Bagamoyo na kukata ukisimama kwenye mataa? Ilififia polepole au ilikatika siku moja? Kila jibu linapunguza watuhumiwa. Gari linalopoa likiwa mwendoni na kushindwa likisimama linanyooshea kidole feni ya kondensa, kwa sababu upepo wa mwendo ulikuwa ukifanya kazi ya feni iliyokufa. Ubaridi uliofifia kwa miezi unaelekeza kwenye uvujaji mdogo. Uliokatika ghafla unaelekeza zaidi kwenye umeme, mkanda au kompresa yenyewe. Na AC inayopoa kwa muda, ikakata, kisha ikarudi baada ya gari kupumzika, huenda ina maji ndani ya mfumo: yanaganda kwenye tundu la valvu, yanaziba njia, yakiyeyuka njia inafunguka.

Baada ya masikio yanakuja macho na mikono. Gesi hubeba mafuta ya kompresa, na inapotoka huyaacha mlangoni. Mafuta hunasa vumbi. Doa jeusi lenye unyevunyevu kwenye maungio ya bomba ni ushahidi ulioandikwa na uvujaji wenyewe. Mfumo unapofanya kazi, bomba nene linalorudi kwa kompresa linatakiwa liwe baridi na lenye jasho, na lile jembamba linalotoka kwenye kondensa liwe la joto. Kondensa yenyewe hupoa taratibu kutoka inakoingilia gesi hadi inakotokea. Vidole vikikuta sehemu moja imepoa ghafla, pana kitu kimeziba. Hata maji yanayodondoka chini ya gari yana habari. Yakidondoka barabarani, evapureta inafanya kazi na kuukamua unyevu wa pwani. Yakidondokea miguuni mwa abiria, bomba la kuyatolea limeziba kwa uchafu.

Wakati mwingine uchunguzi unaishia hapo, bila kuunganisha chombo chochote. Filta ya hewa ya ndani imejaa vumbi la miaka, evapureta inaganda kwa kukosa hewa, na mwenye gari alikuwa tayari kununua kompresa. Au kijimota kinachogeuza kibamba cha kuchanganyia hewa baridi na ya moto kimekwama upande wa moto, huku bomba nene linalorudi kwa kompresa likiwa baridi barabara. Katika magari ya namna hii gesi ingejazwa mara ngapi, na pesa zingeteketea kiasi gani, lau fundi angeanza na mtungi?

Geji zinapounganishwa, ya bluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa, fundi hasomi namba moja moja. Anasoma uhusiano. Kabla ya kuwasha gari lililopoa, geji zote mbili zinatakiwa zilingane, na namba yake inafuata joto la siku: kwenye nyuzi 30, R-134a husoma karibu paundi 97 kwa inchi mraba. Ikisoma 120 katika joto hilo hilo, fundi makini anasimama. Ama hewa imeingia ndani, ama iliyomo si R-134a tupu. Kipimajoto cha kawaida na jedwali la presha vimemfunulia jambo ambalo macho yasingeliona.

Lakini namba hiyo ina mtego, na hapa ndipo fundi hutengana na mjazaji. Maadamu bado kuna kimiminika kidogo ndani ya mfumo, geji itasoma paundi zile zile 97 iwe gesi imejaa au imebaki robo. Presha ya gari lililozimwa inaeleza kwamba gesi ipo. Ni kiasi gani, haielezi. Kiasi hujulikana kwa mizani, kwa kuitoa gesi yote na mashine ya kuivuta, kuipima, na kulinganisha na gramu zilizoandikwa kwenye lebo chini ya boneti. Anayejaza kwa kuangalia geji peke yake anakisia, na gesi iliyozidi hupunguza ubaridi na kuiumiza kompresa kama ile iliyopungua.

Injini ikiwashwa, mazungumzo yanakuwa marefu zaidi. Kwa gari la kawaida kwenye joto letu, upande mdogo husoma kati ya paundi 30 na 45 hivi, na mkubwa kati ya 200 na 275, kutegemea gari na siku. Pande zote zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, joto halitoki: feni imekufa, kondensa imezibwa na tope, gesi imezidi au hewa imo. Mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini, kompresa imechoka na haikandamizi. Mdogo ukizama hadi chini ya sifuri, njia imeziba, mara nyingi kwenye valvu au kwenye chujio. Picha hizi nne zinajulikana na kila aliyesoma majokofu na viyoyozi katika vyuo vya ufundi vya VETA. Ugumu ni kwamba magari hayaji na picha safi. Yanakuja na mbili zilizochanganyika: gesi pungufu pamoja na feni dhaifu, kompresa iliyochoka pamoja na chujio lililoziba. Fundi anarudi kwenye maswali yake, anamwagia kondensa maji na kutazama mshale unavyoshuka, anapandisha injini mzunguko na kutazama unavyojibu. Anaujaribu mfumo mpaka ukiri wenyewe.

Nakumbuka gari moja aina ya Noah lililoletwa kwa mmoja wa mafundi ninaowasifu na mzee anayefanya biashara ya kubeba wanafunzi. Gereji nyingine ilikuwa imekwisha kumwambia anunue kompresa, naye alikuja kuuliza bei tu.

"Shikamoo mzee. Asubuhi inapoa?"

"Marahaba, kijana wangu. Asubuhi inapoa vizuri kabisa. Ikifika saa saba inakata, jioni inarudi yenyewe."

Fundi hakutaja bei. Aliwasha gari, akaliacha liungurume juani, akakaa kusubiri. Watu wanaopita hudhani fundi anayesubiri hana kazi. Kumbe kusubiri kule ndiko kazi, kwa sababu hitilafu inayokuja na joto haionekani mpaka joto liwepo. Ilipokata, hakuizima. Alipima umeme kwenye waya wa klachi ya kompresa na kukuta volti zaidi ya 12. Umeme ulikuwa unafika. Akachukua kijiti kirefu, akakigusisha taratibu kwenye bamba la klachi, mkono ukiwa mbali na mkanda. Bamba likanasa, kompresa ikazunguka, ubaridi ukarudi.

"Mzee, kompresa yako nzima," alisema. "Klachi imelika, nafasi imekuwa pana. Sumaku ikipata moto inaishiwa nguvu ya kulivuta hili bamba."

Alizima injini, akapima nafasi ile kwa fila, akafungua nati moja, akapunguza washa nyembamba iliyokuwa ikitenganisha bamba na puli, akafunga. Koili ya sumaku inapopata moto ukinzani wake huongezeka, mkondo wa umeme hupungua, na nguvu ya kuvuta hupungua nayo. Sehemu chache za kumi za milimita zinatosha kuamua kama kompresa itanasa au la. Mzee aliondoka na kompresa yake ile ile. Alichonunua siku ile kilikuwa maarifa.

Pale ambapo gesi kweli imepungua, kazi ya kuitafuta inakotokea ndiyo inayopima subira ya mtu kuliko zote. R-134a haina rangi wala harufu ya kukusaidia, na ni nzito kuliko hewa, hivyo kifaa cha kunusia hupitishwa chini ya maungio, si juu yake. Wengine hujaza naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni, wakisikiliza na kutazama kila ungio. Wengine hutia rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, kisha humwambia mwenye gari aende akalitumie, arudi baadaye. Uvujaji hukaa kwenye oringi zilizokauka, kwenye sili ya shafti ya kompresa, kwenye kondensa iliyopigwa na kokoto, na mahali panapochosha kuliko pote, kwenye evapureta, ambapo kuufikia ni kung'oa dashibodi nzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye AC ukuta wenyewe ni kompresa, kwa sababu mafuta yanayoilainisha husafiri na gesi. Gesi ikipungua, mafuta hayarudi, vyuma vinasagana, na unga wake unasambaa kwenye mabomba yote. Ndiyo maana kompresa mpya iliyofungwa kwenye mfumo mchafu hufa haraka, na lawama huenda kwa aliyeiuza.

Hapo pia ndipo tuseme wazi juu ya swichi ya presha. Watengenezaji wameiweka ili ikate kompresa gesi inapopungua mno au presha inapopanda mno. Kuna anayeiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja, kompresa ikazunguka, mteja akafurahi. Amemnyamazisha mlinzi. Fundi ninayemsifu huichukulia swichi iliyokata kama taarifa, na hufuata taarifa hiyo mpaka mwisho wake.

Baada ya kuziba uvujaji, huvuta vakyumu. Mteja mwenye haraka huiona hatua hii kama kupoteza muda, maana mashine inanguruma na hakuna kinachoonekana. Kinachoendelea ni kwamba presha ndani ya mabomba ikishuka hadi sehemu moja kati ya 25 ya presha ya hewa, maji yaliyojificha humo huchemka kwenye joto lile lile la siku ya Dar, yakatoka kama mvuke. Yakiachwa yataganda kwenye valvu, na yatatengeneza asidi itakayokula metali kwa ndani. Kisha mashine huzimwa na mshale huangaliwa. Ukipanda, bado kuna mlango haujafungwa, na fundi mwaminifu anaanza tena kutafuta hata kama jua limezama.

Uaminifu huu una faida hata kwa wasiomiliki gari. Gesi ya zamani, R-12, ilikuwa ikiharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ndiyo iliyoanza kuiondoa duniani. R-134a iliyochukua nafasi yake haidhuru ozoni, lakini inapasha dunia joto, na ilikuwa hapa jirani, Kigali, mwezi wa Oktoba 2016, ambapo mataifa yalikubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za kundi lake. Kwa kipimo cha makubaliano hayo, kilo moja ya R-134a ni sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Gari dogo hubeba karibu nusu kilo. Kulijaza gari linalovuja na kulirudisha barabarani ni kuiachia anga zaidi ya kilo 700 za hewa ukaa kwa hesabu hiyo, na kurudia tena gari likirudi. Fundi anayepata tundu la ukubwa wa ncha ya sindano na kuliziba ameyatekeleza makubaliano ya Kigali kwa mikono yake, pasipo kuhudhuria mkutano wowote.

Na ufundi huu hausimami mahali pamoja. Magari mapya zaidi yanakuja na R-1234yf, ambayo haipashi dunia joto kwa kiwango kile lakini inaweza kushika moto, na haifai kuchanganywa na ya zamani. Magari ya haibridi kama Prius yana kompresa ya umeme wa volti 200 hivi, na yanataka mafuta ya aina yake. Ukitia yale yaliyozoeleka, yanaharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa. Gesi bandia nazo zipo. Mwaka 2011 makontena ya ubaridi yaliyojazwa gesi iliyochanganywa na R-40 yalilipuka na kuua wafanyakazi wa bandarini, kwa sababu R-40 inapokutana na aluminiamu huzaa kitu kinachowaka kikiguswa na hewa. Anayeamini lebo ya mtungi bila kupima anaweka mwili wake na wa wenzake rehani.

Kwa hiyo najua ninachokisifu. Nasifu akili inayokataa kutaja mkosaji kabla ya kusikiliza pande zote. Nasifu mkono unaoweza kutofautisha bomba vuguvugu na bomba la moto, na ulimi unaoweza kumwambia mteja, "Hapa hakuna cha kununua," hali duka la spea liko hatua chache tu na kamisheni inamsubiri. Sifa hizi hazinunuliwi pamoja na geji. Zinafundishwa na fundi mkubwa kwa kijana anayemshikia taa, kwa kumwambia kila mara: usijaze kwanza, tafuta kwanza.

Lililobaki ni letu sisi wenye magari. Tumezoea kubishana bei ya ufundi mpaka ibaki ya soda, kisha tukalipa bila neno bei ya kompresa tusiyoihitaji. Tukifanya hivyo tunawafundisha vijana kwamba kujaza ndiko kunakolipa na kufikiri ni hasara. Ukienda gereji, eleza dalili zote, usiende na hukumu mkononi. Mwachie fundi gari muda wa kutosha. Muulize amepata nini na amejuaje. Kisha, hata akikuambia tatizo lilikuwa washa moja nyembamba, mlipe kwa kulijua hilo, na umlipe vizuri.